Kinyama cha Nasike, Jina la Filister

Mkubwa wa nchi hii akipiga chafya mbili, ndege inawashwa moto apelekwe ng'ambo. Mke wangu Nasike alitokwa na damu puani miezi tisa. Sitaficha hasira yangu. Mimi ni Wesonga, fundi wa mbao, shule niliiachia darasa la sita, na haya nayaandika kwa sababu kuna karatasi mbili za hospitali zinazomhusu mke wangu na zote mbili zinadanganya.

Tulikuwa tunaishi Makina, hapa Kibera, kwa Mama Ramzy, Mnubi aliyerithi nyumba kwa baba yake. Karakana yangu iko Kawangware, kituo cha 46, nyuma ya kinyozi. Mimi nakata, naranda na kuunga. Nasike alikuwa anapiga msasa. Miaka kumi na minne alipiga msasa vitanda, kabati, viti vya makanisa. Mkono wake ulishinda wangu. Meza akiimaliza, hata ukilaza shavu juu yake huhisi mkwaruzo. Vumbi lake lilikuwa laini kama unga wa chapati, lilikaa kwa kope na nywele mpaka Jumapili. Alijifunga leso puani, lakini joto la mabati likipanda, leso inashuka shingoni.

Damu ilianza Februari, tundu la kushoto peke yake. Tukaenda zahanati, ile wakubwa walikuja kufungua wakakata utepe, wakapigwa picha, kisha wakarudi na daktari waliyekuja naye. Mara tatu tulipewa vidonge vya maumivu tukaambiwa ni mafua ya vumbi la Kibera. Aliyenipigia kelele ni Mama Ramzy.

"Wesonga, mafua ni ya pua mbili. Pua moja ikiziba mwezi mzima hayo si mafua. Mpeleke hospitali kubwa, wacha ubahili."

"Si ubahili, mama. Ni kadi."

Kadi yetu ya bima ilikuwa imekufa. Na huku kwetu kadi yako ikifa unaazima iliyo hai, vile mtu huazima ngazi ama jiko. Hakuna anayeita huo wizi. Namjua mwanamume wa Kawangware aliyetolewa kidole-tumbo kwa kadi ya kaka yake. Kaka alipougua baadaye akaambiwa tumbo lake haliwezi kuuma hapo, kidole-tumbo kilishatoka. Tulicheka hiyo hadithi mwaka mzima.

Filister ni mdogo wake Nasike wa kuzaliwa. Anafua na kusafisha nyumba za watu pale Nyayo Highrise, na mwajiri wake alikuwa anamlipia bima vizuri. Ukiangalia kitambulisho haraka, hao wawili ni sura moja. Alikuja Jumapili akaweka kitambulisho na kadi juu ya meza.

"Chukua, dada. Lakini usinizeeshe huko. Mimi niko thelathini na mbili."

"Na nikifa huko na jina lako?" Nasike akauliza.

"Basi mimi nitakuwa marehemu. Nitapumzika kufulia watu soksi."

Tukacheka, mimi zaidi yao. Halafu nikamkalisha mke wangu kitandani nikamfundisha majibu, maana mimi ndiye niliyekuwa na haraka.

"Unaitwa nani?"

"Filister Nanjala."

"Kazi?"

"Napiga—"

"Wacha! Unafua."

"Nafua. Nasafisha nyumba."

"Na huyu mwanamume?"

"Bwana yangu. Aa, shemeji."

"Na shemeji asikukodolee macho hivyo," Filister akasema, "watashuku."

Hospitali kubwa tulimpata Daktari Wanza, msichana mdogo, macho mekundu kwa usingizi, watu sitini nje ya mlango wake. Alimwangalia Nasike puani kwa tochi. Akauliza damu ilianza lini, kama shavu linakufa ganzi, kama meno yanacheza. Wakati ule meno yalikuwa imara. Halafu akauliza kazi.

"Kufua na kusafisha nyumba."

"Sabuni kali? Dawa za choo?"

"Ndiyo."

"Umewahi kufanya kazi ya vumbi? Ngozi, unga, mbao?"

Nasike alinigeukia. Mimi nikaangalia kalenda ukutani.

"Hapana, daktari."

Akaandika kwamba ni uvimbe wa aleji ya sabuni. Akatupa dawa ya kupuliza puani, wiki sita. Ile kamera yao ya kuingiza puani ilikuwa moja, na ilikuwa imeharibika, imepelekwa kutengenezwa. Hospitali ya watu wangapi, kamera moja! Na magari ya wakubwa yamejaa hapo mbele, kila mmoja na dereva wake. Lakini nimeanza kusema ukweli, wacha niseme wote: alituuliza mbao.

Wiki ya nne gego la juu likaanza kucheza. Tukamwendea mng'oa meno wa Kawangware, akaling'oa bila hata kulivuta sana. Kidonda hakikufunga. Asubuhi moja Nasike alikuwa anakunywa chai, nikaona chai inamtoka puani.

"Baba Sella," akaniambia, kwa jina la mtoto wetu, "chai imepita njia nyingine."

Alitaka kucheka. Akaona uso wangu, akaacha.

Tuliporudi, Daktari Wanza alichungulia lile shimo la jino akaweka tochi chini. Kamera ilikuwa imerudi. Siku hiyohiyo akaingiza, akakata kinyama kidogo, akakitia kwa kichupa cha dawa, na juu ya kichupa akabandika karatasi: Filister Nanjala. Kisha tukapigwa picha ya kichwa kwa ile mashine ya duara. Wiki tatu baadaye akatuita ndani, akafunga mlango.

"Ndani ya mfupa wa shavu kuna shimo la hewa," akasema. "Kila mtu analo. Tunaliita sainasi. Lako la kushoto limejaa kansa."

Nasike alishika leso yake kwa mikono miwili.

"Iko habari moja nzuri. Juu kuna mfupa mwembamba kama ganda la yai, unatenganisha sainasi na jicho. Kansa haijauvuka. Tukifanya upasuaji mwezi huu, halafu mionzi, una nafasi. Ikivuka huo mfupa siwezi kukuahidi kitu."

"Mtakata wapi?"

Akachora kwa kalamu: taya la juu upande mmoja, na sehemu ya paa la mdomo. Atatengenezewa kifuniko kama meno bandia.

"Nitakula?"

"Utakula."

"Nitaongea? Huyu anahitaji kuambiwa mambo." Akanionyesha kwa kidevu. Daktari akatuangalia, akidhani mimi ni shemeji.

"Utaongea."

"Basi kateni."

Tangu siku hiyo sikufikiria kitu kingine, ni huo mfupa tu. Nikiranda ubao nafikiria ganda la yai.

Upasuaji ulitaka kibali cha bima, na bima ilikuwa imeleta sheria mpya: kidole. Mgonjwa anabonyeza kidole kwa kimashine kidirishani, kompyuta inakubali ama inakataa. Aliyekaa hapo aliitwa Obiero, mtu wa rekodi. Nasike akabonyeza. Nyekundu. Kidole kingine. Nyekundu. Vyote kumi, nyekundu.

Obiero akamshika mkono akamgeuza viganja. "Mama, alama zako zimeenda wapi? Vidole laini kama kijiko. Unafanya kazi gani?"

"Kufua."

"Sabuni gani hii inakula vidole?"

Watu kwa foleni wakacheka. Msasa ndio ulikula. Kila siku miaka kumi na minne, ukisugua mbao nayo mbao inakusugua.

"Paka mafuta, rudi kesho," Obiero akasema.

Mafuta hayangesaidia kitu, sisi tulijua. Hata kama vidole vingesoma, vingesoma Nasike. Basi tukapanga Filister aje mwenyewe abonyeze, na baadaye dada yake alale kitandani. Kwa akili zetu ilikuwa rahisi. Kesho yake Filister akavaa barakoa na leso ya Nasike kichwani, akainama kidirishani. Kidole cha kwanza, kijani. Nilisikia moyo wangu umefunguka.

Obiero akaiangalia ile kijani. Akamwangalia Filister. "Mama, hebu shusha barakoa."

Filister akashusha. Shavu zima, linang'aa mafuta. Obiero akatazama nyuma yangu, kwa benchi, pale Nasike alikuwa ameshika leso puani.

"Mzee," akaniuliza polepole, "kati ya hawa nani mgonjwa?"

"Wote," nikasema. Sijui kwa nini nilisema wote.

Akatuita pembeni, nyuma ya makabati ya faili. Nilidhani anataka hela ya chai. Hakutaka.

"Nisikilizeni. Nikipitisha hii, huyu ataingia chumba cha upasuaji kwa karatasi, na yule ataingia kwa mwili. Kuna kundi la damu limeandikwa kwa jina la huyu tangu alipojifungua hapa. Yule akiongezewa damu ya huyu na haziendani, atafia mezani. Sipitishi. Na sitaita askari pia. Sijawaona."

"Basi badilisha jina tu, ndugu yangu," nikamwomba. "Futa Filister, andika Nasike. Kinyama ni chake."

"Kwa hii kompyuta Nasike hajawahi kukanyaga hapa. Kansa ni ya Filister Nanjala. Kuihamisha, lazima huyu dada aandike kwa mkono wake kwamba alitoa kadi, ipelekwe kwa wakubwa wa bima. Wao ndio wataamua. Na wanaweza kumshtaki."

"Lete kalamu," Filister akasema.

Akaandika jina lake kabisa. Nasike akainuka kwa benchi, akamshika mkono.

"Na wakikufunga? Watoto wako watakaa na nani?"

"Dada, shavu lako linaoza."

"Linaoza, lakini ni langu. Wacha hiyo kalamu."

"Nitaandika!"

"Filister. Mama alikuacha kwangu ukiwa hujui kuvaa viatu. Wacha."

Wakanigeukia mimi. Hapo ndipo nilipokuwa mwanamume wa nyumba, na hapo ndipo ningesema neno moja tu, mwache aandike, na Nasike angenisikiza. Sikusema. Nilimwonea Filister huruma, na nilijidanganya kwamba foleni ya pili itakuwa fupi kwa vile njia tunaijua. Nikasema, "Tuanze upya na jina lake." Filister akaikunja ile karatasi akaitia kifuani, analia.

Tukafufua kadi ya Nasike. Hiyo nayo ilichukua siku zake, maana vidole havikusoma mpaka barua ya chifu ikatafutwa. Ndipo tukarudi kwa Daktari Wanza na faili jipya, tukamweleza yote. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali.

"Kazi?" akauliza upya, kalamu juu ya karatasi.

"Msasa," Nasike akasema. "Mbao. Miaka kumi na minne."

Daktari akaweka kalamu chini. "Nilikuuliza mbao. Nilikuuliza kwa mdomo wangu mwenyewe."

Nasike akaangalia vidole vyake.

"Vumbi la mbao linajulikana, mama. Ni mojawapo ya vitu vinavyoleta kansa ya hapa. Pua moja, damu, na miaka kumi na minne ya vumbi? Siku ile ya kwanza singengoja kamera yetu. Ningekuandikia barua uende palipo na nyingine, siku ileile."

"Ni mimi nilimfundisha aseme kufua," nikasema.

"Najua," akasema. "Vumbi lilikuwa kwa nywele zako siku ile. Niliona, nikasema, ni shemeji tu." Akajipangusa macho kwa mkono wa koti. "Watu sitini, mzee. Sikuuliza tena."

Alijaribu. Aliandika barua ile ripoti ya kwanza ikubaliwe kwa jina la Nasike. Mkubwa wake, ambaye uso wake sijawahi kuuona, alirudisha barua na muhuri na maneno matatu: utaratibu ufuatwe upya. Mtu aliyekaa kwa kiti cha kuzunguka, anayekula mchana kwa wakati, alipiga muhuri akaenda zake. Nimemlaani huyo mtu kwa Kiswahili na kwa Kibukusu.

Kinyama cha pili kikakatwa. Halafu madaktari wakagoma, hawajalipwa, na siwalaumu. Halafu maabara ikaishiwa na dawa. Nilikuwa naenda kila asubuhi kuuliza, naambiwa bado, natembea mpaka Kawangware, nakata mbao vibaya. Nasike nilimkataza karakana. Alikaa Makina kwa mlango, anachambua maharagwe ya Mama Ramzy kwa jicho moja, maana Julai jicho la kushoto lilianza kusukumwa nje.

"Naona Wesonga wawili," aliniambia. "Na mmoja tu alikuwa amenitosha."

"Yupi anakaa?"

"Yule anayeosha vyombo."

Nikaosha vyombo. Niliosha mpaka sufuria zikang'aa, mgongo nimempa, asione.

Majibu yalitoka Agosti. Maneno yaleyale, safari hii na jina lake: Nasike Wanyonyi. Daktari Wanza aliinua picha mpya ya kichwa kwenye mwanga. Hakuhitaji kutueleza, jicho lilikuwa linaeleza. Ganda la yai lilikuwa limevunjika. Upasuaji haukuwezekana tena. Ilibaki mionzi ya kupunguza maumivu, na nafasi ya kwanza ilikuwa Novemba.

"Niwekeni hapo," Nasike akasema. "Novemba si mbali."

Alikufa Oktoba, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Mama Ramzy alikuwa ameleta uji, amemshika kichwa, anampulizia kijiko. Mimi nilikuwa mlangoni navaa viatu niende kuuliza kama Novemba inaweza kusogezwa. Nilisikia Mama Ramzy ameanza kusoma dua zake kwa sauti ya chini, nikavua viatu.

Tulimzika nyumbani, Bungoma. Niliporudi nilienda kuchukua karatasi za hospitali za kupelekea cheti cha kifo. Obiero alinipa pole, akazitoa kwa mashine, akanigongea muhuri. Mimi husoma polepole, kwa kidole. Jina, umri, kazi: fundi wa msasa. Ugonjwa: saratani ya sainasi, kushoto. Na chini yake: Mgonjwa alichelewa kufika hospitalini.

"Nani alichelewa?" nikauliza.

"Mzee, faili linaonyesha alikuja mara ya kwanza Juni, ikiwa imeshaenea."

"Alikuja Machi. Wewe unajua. Ulimwona kwa hilo benchi kabla hilo faili lizaliwe."

"Najua."

"Basi futa hayo maneno."

Akaangalia nyuma yangu, foleni ilikuwa ndefu. Akatoa fomu, akaweka kalamu juu yake. "Andika tarehe aliyokuja, na jina alilokuja nalo. Nitaipeleka kwa wakubwa."

Kalamu ile niliishika. Nasema kweli niliishika, na herufi F nikaianza. Nataka ijulikane mke wangu hakulala nyumbani na kansa kama mjinga. Alifika mapema, akaketi, akajibu kila swali alivyofundishwa na bwana yake. Lakini Filister sasa alikuwa analea Sella wangu pamoja na watoto wake wawili, kwa chumba kimoja hapo Kawangware. Nasike akiwa hai alikataa Filister afungwe, sasa mimi nimfunge kwa kuwa Nasike yuko kaburini? Nikairudisha fomu na ile F yake.

"Ibaki hivyo?" Obiero akauliza.

"Ibaki."

Nilifikiri yameisha. Januari, mchana, niko karakana, Filister akaja mbio kutoka kwake, simu mkononi, nguo zimelowa sabuni. Akaweka sauti ya nje. Ilikuwa sauti ya mwanamke, tamu, ya mtu anayeleta habari njema.

"Filister Nanjala? Mgonjwa wa sainasi? Napiga kutoka hospitali. Tunapanga orodha upya, tumeona kibali chako kilikubaliwa lakini hukuwahi kuja. Nafasi ya upasuaji imepatikana. Jumanne."

Ile kijani. Obiero hakuipitisha, lakini kompyuta ilikuwa imekumbuka.

Filister alinitazama, mdomo wazi. Nikachukua simu.

"Mpatie mtu mwingine."

"Wewe ni nani?"

"Shemeji yake."

"Shemeji, watu wanalilia hii nafasi. Mgonjwa yuko wapi? Nisikie kwake mwenyewe."

"Niko," Filister akasema, sauti imekauka. "Mpatie mwingine, dada."

"Unaelewa ugonjwa wako, Filister? Bila upasuaji itaingia jichoni."

Filister alijishika shavu.

"Haya, siwezi kukulazimisha," yule mwanamke akasema, na utamu ukamtoka. "Lakini lazima nijaze sababu. Umeenda hospitali nyingine?"

"Hapana."

"Umepona?"

Simu niliiweka juu ya ubao niliokuwa nakata.

"Basi nitaandika mgonjwa amekataa matibabu. Sawa?"

Filister alitikisa kichwa, machozi yanamshuka, ananiomba kwa macho niseme kitu. Nilikuwa na mengi ya kumwambia huyo mwanamke, yeye na waliomweka hapo.

"Andika," nikasema.